Mafuta Yaliyopotea Juu ya Ngozi

Muuzaji wa vipodozi Kariakoo ana njia yake ya kumshawishi mteja anayesitasita. Huchukua tone la losheni, hulipaka nyuma ya mkono wa mteja, husugua mara chache kwa kidole gumba, kisha humwambia: "Dada, shika mwenyewe uone. Imeingia yote." Mteja hushika. Hakuna utelezi wala mng'ao. Losheni haionekani tena juu, basi wote wawili wanakubaliana kwamba imo ndani.

Makubaliano hayo ndiyo ninayotaka kuyapinga katika sura hii. Mafuta kutoweka juu ya ngozi ni jambo moja, na mafuta kuingia mwilini ni jambo jingine kabisa. Kila moja lina kipimo chake, na vipimo hivyo havishabihiani hata kidogo. Kuyachanganya kumewapotezea watu fedha nyingi, na wengine kumewaharibia figo.

Tuanze na mafuta tusiyoyanunua, yale yanayotoka mwilini mwetu wenyewe.

Tezi za mafuta zimetapakaa karibu ngozi nzima isipokuwa viganja na nyayo. Usoni na kichwani zimesongamana, kiasi kwamba sentimita moja ya mraba inaweza kuwa na tezi 400 hadi 900. Kila tezi imeungana na tundu la unyweleo. Seli zake hujaa mafuta mpaka zinapasuka, na mabaki yake hupanda kupitia tundu hilo hadi juu. Kinachofika juu ni mchanganyiko. Zaidi ya nusu ni trigliseridi na asidi za mafuta, kama robo ni nta, na karibu sehemu moja ya nane ni skwalini. Skwalini ilitambuliwa kwanza katika mafuta ya ini la papa, yale ambayo mafundi wa majahazi wa pwani yetu huyaita sifa na kuyapaka kwenye mbao. Mtoto mdogo hutoa mafuta haya kidogo sana. Homoni za balehe ndizo zinazoamsha tezi, na ndiyo maana chunusi huanza katika umri huo.

Namna ya kuyapima ilibuniwa kwa vifaa vya kawaida sana. Mwaka 1961, madaktari John Strauss na Peter Pochi wa Boston, Marekani, walieleza utaratibu wao: safisha paji la uso, funga juu yake karatasi za kuvingirishia sigara, ziache kwa saa 3, kisha zitumbukize katika etha ili mafuta yayeyuke. Etha ikishakauka, pima uzito wa kilichobaki. Kwa mtu mzima wa kawaida walikuwa wakitafuta uzito wa karibu miligramu 1 kwa kila sentimita 10 za mraba. Ni kiasi kidogo mno, lakini mizani nzuri hukiona, na daktari wa ngozi aliweza kusema "ngozi yako ina mafuta mengi" akiwa na namba mkononi.

Kilichofuata kilitegemea jambo ambalo kila mnunuzi wa maandazi amelishuhudia. Karatasi iliyofungia andazi la moto hupata madoa, na ukiinua karatasi hiyo dirishani, mwanga hupenya penye madoa kuliko pengine. Karatasi ni nyeupe kwa sababu kati ya nyuzi zake kuna hewa, na mwanga hutawanyika kila unapovuka kutoka hewani kuingia katika uzi na kutoka tena. Mafuta yakijaza nafasi hizo, mwanga hauna tena pa kutawanyikia, unapita moja kwa moja. Kwa hiyo si lazima kuyapima mafuta kwa mizani. Unaweza kupima mwanga uliopita.

Kifaa kilichoenea zaidi kwa kazi hiyo, Sebumeter, hutengenezwa na kampuni ya Courage + Khazaka ya Köln, Ujerumani. Kina utepe mwembamba wa plastiki uliofifia. Kipande chake chenye ukubwa wa milimita 64 za mraba hubanwa kwenye ngozi kwa sekunde 30, kisha hurudishwa ndani ya mashine, ambako mwanga hupitishwa na kusomwa. Jibu hutolewa kwa mikrogramu kwa sentimita ya mraba. Unyevu wa ngozi hauufanyi utepe huo ung'ae, ni mafuta tu. Mwaka 1986 Albert Kligman wa Philadelphia na wenzake walieleza utepe wa aina nyingine, mweupe, wenye vitundu vidogo vyenye hewa. Ukibandikwa usoni, kila tundu la ngozi linalotoa mafuta huacha doa lake, na hivyo mtafiti huona kwa macho tezi ipi inafanya kazi na ipi imelala.

Namba hizi hazina maana bila kujua saa na joto. Uso uliooshwa kwa sabuni dakika tano zilizopita utasomeka mkavu hata kama ni wa kijana mwenye chunusi tele. Tena, watafiti wa Uingereza walionyesha mwaka 1970 kwamba joto la ngozi likipanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, kiasi cha mafuta yanayotoka hubadilika kwa karibu asilimia 10. Basi mtu yuleyule akipimwa Dar es Salaam mwezi wa Januari na akapimwa tena Njombe mwezi wa Julai, anaweza kuonekana kama watu wawili. Maabara makini humkalisha mhusika kwanza katika chumba chenye joto la nyuzi 20 hadi 22 na unyevu unaojulikana, na huandika saa aliyonawa. Ukiona tangazo linalosema bidhaa "hupunguza mafuta kwa asilimia kadhaa", uliza walipima baada ya saa ngapi tangu uso uoshwe. Bila jibu, asilimia hiyo iache ilivyo.

Sasa rudi kwenye losheni ya Kariakoo. Utepe uleule unaopima mafuta ya mwili unaweza kupima mafuta tuliyojipaka. Paka kiasi kinachojulikana, tuseme miligramu 2 kwa sentimita ya mraba, bana utepe mara moja, kisha rudia baada ya nusu saa, saa moja, saa tatu. Namba hushuka, na watengenezaji wengi wa vipodozi hupenda kuchora mstari huo unaoshuka na kuandika chini yake kwamba bidhaa yao "inafyonzwa haraka".

Mstari huo ni wa kweli. Maelezo yake ndiyo yenye shaka, kwa sababu utepe unajua habari za juu tu. Losheni nyingi ni maji kwa zaidi ya nusu, na maji hayo huruka hewani dakika chache baada ya kupakwa. Ule ubaridi unaousikia mkononi ni maji yakiondoka. Mafuta yanayobaki hutandaa pembeni mpaka yanakuwa utando mwembamba usiong'aa, mengine hushuka katika mikunjo na matundu ya vinyweleo, mengine hupenya kati ya seli kavu za juu kabisa na kutulia hapo hadi seli hizo zitakapobanduka siku chache baadaye. Na mengi, mengi kuliko watu wanavyodhani, huenda kwenye nguo na matandiko. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa onyo kuhusu marhamu za kulainisha ngozi: vitambaa vilivyolowa marhamu hizo hushika moto upesi, na vifo zaidi ya 50 vilikuwa vimehusishwa na jambo hilo. Hao walikuwa wagonjwa wanaojipaka kila siku, ambao mafuta yao, badala ya kuingia mwilini, yalikuwa yakirundikana katika shuka na mashati.

Kinachozuia kuingia ni tabaka la juu la ngozi, lenye unene wa mikroni 10 hadi 20 hivi katika sehemu nyingi za mwili, jembamba kuliko unywele. Ni seli bapa zilizokufa, zimepangwa safu kama 15, na kati yake kumejaa mafuta magumu ya aina ya seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Kitu kinachotaka kupita hakina mlango. Kinatambaa katika mafuta hayo ya kati, kikizunguka seli moja baada ya nyingine, kikisukumwa na tofauti tu ya wingi wake kati ya nje na ndani, kwa kanuni aliyoiandika Adolf Fick mwaka 1855. Kiwe kidogo, na kiweze kuyeyuka katika mafuta bila kukataa maji kabisa. Mwaka 2000 madaktari wa Uholanzi, Jan Bos na Marcus Meinardi, walipendekeza mpaka rahisi kukumbuka: molekuli yenye uzito unaozidi daltoni 500 hupita kwa shida kubwa katika ngozi nzima isiyo na jeraha.

Chukua mpaka huo uende nao dukani. Kolajeni inayosifiwa kwenye chupa za kuondoa makunyanzi ina uzito wa karibu daltoni 300,000. Haipiti, na haitapita hata ukisugua hadi kesho. Trigliseridi za mafuta ya nazi ziko juu ya 600, nazo hubaki juu, ambako kwa kweli ndiko kazi yake iliko: huzuia maji ya ngozi yasipotee. Mafuta ya mgando ya petroli, ambayo Robert Chesebrough alipata hataza yake mwaka 1872, hufanya kazi hiyohiyo na kwa nguvu zaidi. Sasa tazama upande wa pili. Haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, ina daltoni 110. Chumvi ya zebaki iliyotiwa katika krimu za aina hiyo ina 252. Klobetasoli, steroidi kali kuliko karibu zote zinazopakwa, ina 467. Zote ziko chini ya mpaka. Kile kinachoandikwa kwa herufi kubwa juu ya kopo hakipiti, na kile ambacho mara nyingi hakiandikwi kabisa kinapita.

Hilo halionekani kwa utepe wala kwa macho. Ili kulijua, watafiti walilazimika kufuata kitu hadi upande wa pili wa ngozi. Robert Feldmann na Howard Maibach wa San Francisco walifanya hivyo katika utafiti waliouchapisha mwaka 1967. Waliweka alama ya kaboni-14 katika haidrokotisoni, wakaipaka sehemu mbalimbali za mwili, wakakusanya mkojo kwa siku 5 na kuhesabu mnururisho uliotoka. Kwenye mkono, kati ya kiwiko na kifundo, ilipita karibu asilimia 1 tu ya kilichopakwa. Asilimia 99 haikufika popote. Lakini mwili si kitambaa kimoja. Wakiuchukua mkono kuwa kipimo cha 1, wayo ulipata 0.14, ngozi ya kichwa 3.5, paji la uso 6, taya 13, na ngozi ya korodani 42. Naona jedwali hilo ni mojawapo ya vitu vyenye manufaa zaidi vilivyowahi kuandikwa kuhusu ngozi, na lilistahili kubandikwa katika kila duka la dawa. Muuzaji anayejaribia krimu nyuma ya mkono wako hajakuambia lolote kuhusu taya lako.

Njia nyingine zilikuja kandokando. A. W. McKenzie na Richard Stoughton waliona mwaka 1962 kwamba steroidi ikipenya huifanya mishipa midogo ya damu isinyae na ngozi ipauke, wakatumia mpauko huo kulinganisha dawa. Ni njia nzuri kwa ngozi nyeupe, ila kwenye ngozi nyeusi mpauko ni mgumu kuusoma, na jambo hilo limeacha pengo katika ujuzi unaotuhusu sisi moja kwa moja. Thomas Franz naye, mwaka 1975, aliandika kuhusu kifaa cha kioo chenye vyumba viwili: kipande cha ngozi hubanwa katikati, dawa huwekwa juu, na kimiminika cha chini huchotwa kila baada ya muda ili kuona kilichovuka. Ngozi huwekwa kwenye nyuzi 32, joto la ngozi ya binadamu aliye hai. Hadi leo kifaa hicho kina jina lake.

Sehemu ya ujuzi huu ilipatikana kwa dhuluma, na kitabu kinachoutumia kinapaswa kusema hivyo. Kligman, yule wa utepe mweupe, aliendesha kwa zaidi ya miaka 20, hadi 1974, majaribio ya ngozi kwa wafungwa wa gereza la Holmesburg mjini Philadelphia, wengi wao Wamarekani weusi, waliolipwa vijisenti na kuelezwa kidogo mno. San Francisco nako, mwaka 2022, Chuo Kikuu cha California kiliomba radhi hadharani kwa majaribio ambayo Maibach na daktari mwenzake walifanya kwa wafungwa wa gereza la Vacaville. Watu hao hawana majina katika majedwali tunayoyanukuu. Migongo na mikono yao ndiyo iliyotufundisha.

Nairobi ilikuwa na jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Mwaka 1972 madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta walichapisha katika British Medical Journal habari za wagonjwa 60 wazima waliovimba miili kwa sababu figo zao zilikuwa zikivujisha protini katika mkojo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kujichubua zenye zebaki. Zebaki ilipimwa katika mkojo wao, ikaonekana. Baadhi walipoacha krimu, walipona. Fikiria njia iliyopita: kutoka kikopo kidogo, kupitia ngozi ya uso yenye kupenyeka kuliko mkono, hadi kwenye damu, hadi kwenye figo. Asubuhi zote hizo mtumiaji alipojitazama katika kioo, uso ulikuwa mkavu, laini, usio na mng'ao. Kila kitu kilionekana kimekaa vizuri.

Mkorogo wa leo, ule unaochanganywa saluni au nyumbani, mara nyingi huwa na steroidi. Hesabu yake inaweza kufanywa kwa kidole. Mwaka 1991 C. C. Long na Andrew Finlay wa Cardiff walipendekeza kipimo ambacho hakihitaji mizani: krimu inayotoka kwenye tyubu yenye mdomo wa milimita 5, ikipangwa kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye mkunjo wa kwanza. Kwa mwanamke ni karibu gramu 0.4, kwa mwanamume 0.5. Uso na shingo huhitaji vipimo 2.5. Mwanamke anayepaka asubuhi na jioni anatumia vipimo 5, yaani gramu 2 kwa siku. Sasa soma karatasi ya maelezo inayokuja na krimu ya klobetasoli ya asilimia 0.05: inaonya kwamba gramu 2 kwa siku zinaweza kuzubaisha tezi za adrenali, zile zinazotengeneza kotisoli ya mwili. Hapo hatujapaka mikono, wala miguu, wala mgongo, na wengi wanaojichubua hupaka vyote. Mtu wa namna hiyo akiacha ghafla, au akipata ajali, au akienda kujifungua kwa upasuaji, mwili wake unaweza kukosa homoni unayoihitaji ili kustahimili. Daktari anayempokea asipojua habari za mkorogo, hatajua atafute nini. Kwa hiyo mwambie. Hata kama unaona haya, mwambie.

Kwa watoto wachanga mambo ni makali zaidi, hasa walio njiti, kwa sababu tabaka lao la juu halijakomaa na eneo la ngozi yao ni kubwa likilinganishwa na uzito wao. Ufaransa ililia mwaka 1972, pale poda ya watoto ya Talc Morhange ilipotengenezwa kwa makosa ikiwa na heksaklorofeni zaidi ya asilimia 6. Watoto 36 walikufa. Poda, si sindano, tena chini ya nepi inayofunika na kutia joto, na kufunika huongeza upenyaji mara nyingi. Ngozi hiyohiyo dhaifu inaweza pia kusaidiwa: katika hospitali ya watoto ya Dhaka, Bangladesh, njiti waliozaliwa kabla ya wiki 33 wakapakwa mafuta ya alizeti walipata maambukizi ya hospitalini kwa asilimia 41 pungufu, kama ilivyoripotiwa mwaka 2005. Mama anayemkanda mwanawe kwa mafuta safi ya kula hafanyi upuuzi. La kuangalia ni nini kingine kimetiwa humo.

Kuna mahali Tanzania ambapo swali zima linageuzwa. Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta ya kujikinga na jua yanayoitwa Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Inakadiriwa kwamba hapa nchini mtu 1 katika 1,400 hivi ana ualbino, na saratani ya ngozi huwaua wengi wao wakiwa bado vijana. Kwao mafuta yakiingia mwilini ni hasara. Yanatakiwa yakae juu, yawe utando usiokatika, yastahimili jasho la shambani na vumbi la barabarani mpaka yapakwe tena.

Kinga inayoandikwa kwenye chupa za aina hii hupimwa maabara kwa miligramu 2 kwa sentimita ya mraba, lakini watu wakijipaka wenyewe kwa kawaida hutumia nusu ya hapo au robo. Uso wa mtu mzima, wenye sentimita za mraba kama 600, unahitaji gramu 1.2, yaani vipimo 3 vya kidole vya mwanamke. Ongeza masikio, shingo, na mikono hadi mabegani, na utaona kwa nini kopo linaloonekana kubwa huisha upesi, na kwa nini familia huanza kubana matumizi mwishoni mwa mwezi, pale hasa ambapo jua halijapungua hata kidogo. Mafuta hayo yakisuguliwa mpaka yakatoweka kabisa, kama wanavyofundisha wauza losheni, utando huwa mwembamba na wenye mapengo, na ngozi huungua katika mapengo hayo. Yapakwe mengi, yatandazwe polepole, yaachwe yakiwa na mng'ao, na yarudiwe kila baada ya saa mbili, kofia pana ikiwa kichwani.